Flaiwili iliyoganda: pula ya miguu au pula ya hesi?

Flaiwili ni gurudumu zito lenye sumaku kwenye ncha ya krenki (mhimili wa injini); pula ni kifaa cha kuivuta itoke. Pula ya miguu mitatu ipo karibu kila gereji, lakini huvuta ukingo wa flaiwili, wakati kilichonasa ni kitovu kwenye koni ya krenki, yaani ncha yake iliyochongoka. Ukingo hupinda, ribiti (pini zinazounga ukingo na kitovu) hulegea. Kwa kazi hii mimi siigusi.

Pula ya hesi (mifuo kama ya skrubu) hufungwa ndani ya kitovu chenyewe. Pima kwanza: nyingi ni milimita 27, na baadhi zina hesi ya kushoto. Sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha zungusha pula kwa mkono hadi mwisho. Ikishika hesi mbili tu, zitakwanguka. Kaza bolti ya kati ya pula, gonga kichwa chake kidogo. Ikikaidi, pasha kitovu moto, mbali na sumaku, ukaze tena. Ikiachia utasikia “tak!”