Kabati la kenge kutoka jua kali, Nakuru: mbao safi, matundu mengi mno

Niliagiza kabati la kioo kwa fundi wa jua kali hapa Nakuru, la kumweka kenge mchanga, yule wa nchi kavu mwenye koo jeupe. Ninatunza wanyama kwenye bustani ndogo ya nyoka yenye kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Nalisema mapema kwa sababu kuna atakayesoma hapa kisha amtume kijana ziwani amnasie mmoja. Usithubutu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Isitoshe, kile kitoto cha kenge maji kinachoanguliwa na urefu wa sm 30 hivi huishia kuwa jitu la mita 2.

Wageni wa Ulaya hutuuliza mbona hatuna wale wadogo wanaofugwa kwao. Wanamaanisha Varanus acanthurus, kenge wa Australia mwenye mkia wa miiba, ambaye akikomaa hufika sm 60 au 70 tu. Australia hairuhusu biashara ya kupeleka nje watambaazi wake, basi hao wa Ulaya huzalishwa vizimbani. Vipimo nilivyompa fundi ni vya wafugaji wa hao wadogo: urefu sm 120, upana 60, kimo 90. Kenge wetu kabati hili linamfaa akiwa mchanga tu. Akikua atapita mita 1 na atataka chumba kizima.

Kazi yenyewe sasa. Plaiwudi ya mm 18 isiyoogopa maji, viungo vimezibwa kwa silikoni, milango ya kioo inateleza bila kukwaruza. Nilipomwambia sm 40 za chini ziwe sanduku la udongo alicheka: "Bosi, unafuga ama unapanda sukuma?" Nikampigia hesabu: udongo wa kina cha sm 30 humo ndani unapita kilo 300. Akanyamaza, akachomelea fremu ya chuma na kuongeza mguu wa katikati. Hapo nampa alama zote. Kenge ni mchimbaji. Asipopata udongo unaoshikana ukiufinya, hana pa kujificha wala pa kupata unyevu. Mabaki ya mbao alinipa bure, nikayapanga moja juu ya jingine kwa nafasi nyembamba chini ya taa. Mnyama hapandi jiwe tena, anajibana humo akichagua joto lake.

Lalamiko langu ni matundu. Alitoboa juu kote, utadhani kibanda cha kuku, na joto la taa likawa linafyonza unyevu wote. Wakati wa kujivua, ngozi ilibaki imekaza kwenye vidole, nikalazimika kumlowesha kwa maji ya uvuguvugu na kuitoa taratibu kwa pamba. Ikiachwa hukata damu na kidole hufa. Nimeziba nusu ya matundu kwa ubao. Kufuli pia hakuweka. Kenge husukuma kioo kwa kucha, kwa hivyo nunua zile ndogo za makabati ya kioo ya madukani.

Taa ni juu yako. Balbu ya halojeni inayopasha mahali pa kuota joto hadi nyuzi 55 au 60, upande wa pili ubaki kwenye 25 hivi, na waya wa kuikinga asije akaikumbatia. Ongeza taa ya miale ya UVB, ile ya jua inayosaidia kujenga mifupa, kwani jua la dirishani halisaidii: kioo huizuia miale hiyo. Sisi humtoa nje asubuhi kwenye tundu la waya lenye kivuli upande mmoja. Kabati lenyewe usiliweke juani kamwe, atakufa kwa joto.

Usiku wa Nakuru una baridi, na plaiwudi hushika joto kuliko kioo kitupu. Stima ikipotea tunalifunika blanketi.

Nililipa elfu thelathini na mbili pamoja na fremu, bila taa. La pili nimemwagiza yeye yule, ila matundu nimeyachora mwenyewe kwa chaki: safu moja chini mbele, nyingine juu nyuma, basi.