TAHADHARI: Wanaopima "mwili mzima" kwa kijiti cha chuma, Ngamiani

Ndugu zangu wa Tanga, hasa mlio na wazee nyumbani, kuna watu wanazunguka Ngamiani na turubai na spika wakitangaza kupima magonjwa yote kwa elfu kumi. Mama yangu wameshampata.

Unashikishwa kijiti cha chuma chenye waya uliochomekwa kwenye kompyuta. Wanakuuliza umri, uzito na urefu. Dakika moja tu, karatasi hiyo: figo zimechoka, ini lina mafuta, mishipa imeziba. Damu hawachukui, mkojo hawachukui. Mama akauziwa makopo matatu ya unga, laki na themanini.

Hela tungeisamehe. Lakini walimwambia, "Mama, hivyo vidonge vya hospitali ndivyo vinavyokumaliza figo," akaacha metformin, dawa yake ya kisukari, na dawa ya presha. Haikufika wiki mbili, anamaliza jagi la maji usiku, kila saa anaamka kukojoa, macho yamemjaa ukungu. Hospitali ya Bombo walipomtoboa kidole, sukari ilisoma 24. Mtu asiye na kisukari, hata akitoka kula, hafiki 11.

Nikaenda mwenyewe kupima. Asubuhi nikawaambia nina miaka 34, ambayo ndiyo yangu. Jioni nikamkuta kijana mwingine, nikamwambia 50. Asubuhi figo zangu nzima. Jioni zimechoka na mifupa imeanza kulika. Mwili ni huu huu mmoja!

Figo hupimwa kwa damu, wanaangalia kreatinini, yaani taka ambayo figo huichuja, na kwa mkojo kuona kama kuna protini. Chuma cha kushika hakiwezi kukwambia hayo.

Na makopo yenyewe: tarehe ya kuisha imeandikwa kwenye kikaratasi cha kubandika. Nilikibandua kwa kucha, chini yake kuna tarehe nyingine, imeshapita. Namba ya usajili hakuna, jina la mtengenezaji hakuna. Nimeyapeleka kwa mganga mkuu wa jiji. Kama nawe unayo, usiyatupe, yapeleke huko au TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, pamoja na ile karatasi yao ya majibu.

Mzazi aliyeacha dawa asizirudie kwa kubahatisha, mpelekeni kliniki apimwe kwanza. Na tafadhali msimfokee. Mama aliyaficha makopo uvunguni kwa kuogopa kelele zangu, nami sikujua lolote mpaka alipozidiwa. Leo jioni kaa naye, mwombe akuonyeshe vidonge vyake, muvihesabu pamoja.