Pikipiki iliyotoka juzi, mpya iliyokomaa au iliyotumika: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Watu wengi wakitaka pikipiki huanza kwa kuuliza, "Ninunue mpya au iliyotumika?" Sisi tungeanza kwingine. Kinachoamua kama pikipiki itakulaza njiani ni mambo mawili: injini ya aina hiyo imeshakaa barabarani miaka mingapi, na hiyo moja unayoitaka imetunzwaje. Yenye kilomita sifuri lakini injini yake imeingia sokoni mwaka huu inaweza kukusumbua kuliko yenye kilomita 20,000 ya muundo ambao mafundi wanaujua hata gizani. Ndiyo maana mpangilio huu umefuata ukomavu wa muundo kwanza, umri wa chombo baadaye.

Toleo jipya linasumbua wapi

Kabla ya kuuza, kiwanda hujaribu pikipiki chache. Waendeshaji wake ni wazoefu na oili hubadilishwa kwa wakati. Zikishauzwa, maelfu ya watu wanazibebesha mizigo, wanazipitisha kwenye matope, wanaziosha kwa pampu ya presha na kuzianika juani kutwa. Hapo ndipo ubovu unapojitokeza, na mara nyingi hautokei kwenye pistoni wala kranki. Ni vitu vidogo: waya zinazosuguana shingoni mwa fremu kila usukani unapokatwa, mpaka ngozi yake inaisha na fyuzi inaungua; soketi ya waya inayoingiza maji; rektifaya, yaani kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri, iliyofungwa mahali pasipofika upepo, ikajipika yenyewe; kibana cheni ya taimingi kinacholegea na kuanza kelele; programu ya kompyuta ya injini inayoifanya izime ukiachia mafuta kwenye foleni.

Hata viwanda vikubwa vimepatwa. Honda CB750 iliyotoka 1969 ilikuwa na nguvu kuliko cheni za siku hizo. Zilikuwa zikikatika, na iliyokatika iliweza kupasua kasha la injini. Yamaha iliziita YZF-R1 za toleo la 2015 zirudi kubadilishiwa vifaa vya gearboksi. BMW ilipoziita R1200GS mwaka 2017 kwa ajili ya mirija ya shokapu za mbele, muundo huo ulikuwa na miaka kama minne barabarani. Kiwanda kinachoita pikipiki zake zirudi kirekebishe bure kinafanya linalopaswa. Tatizo la mnunuzi wa mwanzo ni kwamba yeye ndiye anayegundua kasoro.

Kuna na taabu ya spea, ambayo inauma zaidi kuliko ubovu wenyewe. Toleo likiwa jipya, spea ziko kwa wakala peke yake. Hakuna za viwanda vingine, hakuna za kutoa kwenye pikipiki zilizopata ajali, na fundi wa mtaani hajawahi kufungua injini hiyo. Swichi ya stendi, kitu kidogo kuliko kidole gumba, inaweza kuisimamisha pikipiki nzima ikisubiri mzigo ufike.

1. Mpya, ya muundo uliokaa sokoni miaka miwili au zaidi

Hii ndiyo tunayoiweka juu. Kasoro za mwanzo zimeshajulikana, kiwanda kimebadilisha vifaa kimyakimya au kwa kutangaza, spea zimesambaa, na bado unapata waranti. Ukipata iliyobaki dukani tangu mwaka jana kwa sababu toleo la rangi mpya limeingia, bora zaidi, kwa kuwa muuzaji anataka kuitoa.

Lakini iliyokaa dukani ikaguliwe. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2322 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2022. Pima betri injini ikiwa imezimwa: volti 12.6 ni nzuri, chini ya 12.4 dai ichajiwe au ibadilishwe. Petroli iliyolala tangini miezi mingi hugeuka gundi, kwa hiyo imwagwe na kama ni ya kabureta, bakuli lake lisafishwe. Mwisho, uliza waranti inaanza kuhesabiwa lini. Inatakiwa ianze siku unayoandikishwa wewe, si siku pikipiki ilipofika dukani, na hilo liandikwe kwenye karatasi.

2. Iliyotumika miaka miwili hadi minne, ya muundo uliokomaa

Kwa mwenye fedha chache, namba mbili hii ni kama namba moja. Thamani kubwa inayopotea mwaka wa kwanza imeshalipwa na mwenye nayo wa mwanzo. Miundo sahili iliyodumu ndiyo inayofaa hapa. Honda CG125 iliyoanza 1976 ilijijengea jina kwa sababu valvu zake husukumwa na fimbo badala ya cheni ya taimingi inayofika juu kichwani, na ilibuniwa ikifikiriwa kwamba matunzo yatakuwa haba. Injini nyingi ndogo za leo ni za ukoo huo.

Siku ya kuiona, mwambie muuzaji mapema asiiwashe. Ukifika, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ya moto, ameipasha kuficha jambo. Mwombe mkutane siku nyingine, asubuhi. Injini ikiwa baridi, iwashe huku jicho liko kwenye eksozi. Moshi wa bluu kidogo mwanzoni kisha ukapotea ni sili za valvu zimechoka. Wa bluu unaozidi ukivuta mafuta ni ringi au silinda. Mweusi ni petroli nyingi, na mara nyingi hurekebishika kwa bei ndogo. Mweupe usiokoma kwenye injini inayopozwa kwa maji, na harufu tamutamu, ni gasketi ya kichwa.

Moshi ukikutia shaka, fundi apime mgandamizo, yaani presha ndani ya silinda. Injini ipate joto, plagi itolewe, kipimo kifungwe, kishikio cha mafuta kifunguliwe mpaka mwisho, kisha izungushwe hadi mshale usimame. Linganisha na kiwango cha kitabu cha pikipiki hiyo. Ikiwa chini, tia kijiko cha chai cha oili, kama mililita 5, kwenye tundu la plagi na upime tena. Mshale ukipanda vizuri, ringi zimekwisha. Ukibaki palepale, valvu hazifungi. Tofauti ya matengenezo hayo mawili ni kubwa, na sasa unajua ulipie bei gani.

Umeme nao unajipima kwa dakika mbili. Mita kwenye betri, injini ikiwashwa na kupandishwa mizunguko 4,000 hadi 5,000: inatakiwa volti 13.8 hadi 14.5. Ikikwama kwenye 12 na kitu, koili ya kuchaji au rektifaya imekufa. Ikivuka 15, rektifaya haizuii, na itaua betri, taa na kompyuta ikiwa ipo.

Nenda kwenye cheni. Ishike pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, gurudumu la meno la nyuma, uivute kuja kwako. Ikiachana na meno mpaka unaona kama nusu ya jino, imekwisha. Meno yaliyopinda kama ndoano yanasema vilevile. Zungusha gurudumu taratibu: cheni ikikaza sehemu moja na kulegea nyingine, haikuwa ikipakwa oili. Cheni na sproketi hubadilishwa pamoja. Ukifunga cheni mpya kwenye meno ya zamani, umeitupa.

Inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole kushoto na kulia. Ukihisi unanasa katikati kama umepata kitanda chake, beringi za shingo zimepiga mashimo. Shika gurudumu la nyuma juu na chini, ulitikise: likicheza, ni beringi za gurudumu au bushi za mkono wa nyuma. Oili kwenye bomba la shokapu ya mbele maana yake sili imekwisha. Kisha tazama vizuizi vya usukani, vile vinundu vya chuma shingoni mwa fremu vinavyouzuia usigeuke kupita kiasi. Vikiwa vimebonyea au vimechomelewa upya, pikipiki iliwahi kugonga kitu kwa nguvu. Rangi mpya haifichi hilo.

Barabarani, weka gia ya juu kwenye mwendo wa kati kisha fungua mafuta ghafla. Mlio ukipanda lakini mwendo usipande, klachi inateleza. Wakati mwingine kosa ni oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano. Pikipiki ambayo klachi yake huogelea kwenye oili ya injini inataka yenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha oili ya pikipiki kinachoandikwa kwenye kopo.

Kilomita za dashibodi usizisadiki peke yake, kwa kuwa dashibodi hubadilishwa. Soma raba za kukanyagia, raba ya pedali ya breki, vishikio na ngozi ya kiti. Kilomita 8,000 na raba imelainika kama kiwiko? Si kweli.

Karatasi ni muhimu sawa na injini. Namba ya fremu na ya injini zilingane na hati ya usajili, na zisiwe na alama za kusagwa au kugongwa upya. Kwenye namba ya tarakimu 17, herufi ya 10 kwa watengenezaji wengi huonyesha mwaka wa modeli: N ni 2022, P ni 2023, R ni 2024. Si wote wanaofuata hilo, kwa hiyo ilinganishe na hati.

Katika bajeti yako acha sehemu ya kumi hadi sehemu ya saba ya bei kwa matairi, cheni, betri, pedi za breki na oili. Karibu kila iliyotumika itadai kimojawapo ndani ya mwezi wa kwanza.

3. Toleo jipya lenye injini ya zamani

Si kila jina jipya ni pikipiki mpya. Yamaha Ténéré 700 ilipotoka 2019 ilikuja na injini ya silinda mbili ya MT-07, iliyokuwa sokoni tangu 2014. Suzuki V-Strom 650 ya 2004 ilichukua injini ya SV650 ya 1999. Mnunuzi wa toleo la namna hii anabahatisha kwenye plastiki, waya na shokapu, lakini moyo wa pikipiki unajulikana. Kulitambua toleo hilo ni rahisi: linganisha kipenyo cha silinda na urefu wa mwendo wa pistoni kwenye vipimo vya toleo jipya na la zamani. Vikilingana hadi desimali, karibu kila mara ni injini ileile. Kisha dukani uliza namba ya spea ya pistoni na gasketi ya kichwa; zikiwa zilezile za modeli ya zamani, huna la kuogopa upande huo.

4. Iliyotumika, ya mwaka wa kwanza wa toleo

Inafaa kwa sharti moja: kazi zote za kurudishwa kiwandani zimefanyika. Mpe wakala namba ya fremu. Anaweza kuona kama kuna iliyobaki. Kazi hizo hufuata chombo, kwa kawaida hata mmiliki wa tatu hufanyiwa bure. Bei iwe chini ya ile ya mwaka wa pili, na usione haya kusema sababu.

5. Toleo jipya, injini mpya, mzigo wa kwanza

Usiinunue ikiwa ndiyo pikipiki yako pekee na riziki inaitegemea. Subiri mwaka mmoja, uje kwenye namba moja ukiwa na fedha zilezile.

Ikiwa umeshaamua, basi jilinde. Chukua wakala aliye karibu na mwenye karakana, hata kama wa mbali ana bei nafuu. Uliza leo, kabla ya kulipa, kama ana chujio la oili, pedi za breki, kebo ya klachi na taa ya kiashiria rafuni. Akiwa hana hata chujio, hana kitu. Kilomita 1,000 za mwanzo usiishike kwenye mwendo mmoja muda mrefu na usiipandishe mlima kwa gia kubwa ikilalamika. Huduma ya kwanza, ambayo vitabu vingi huiweka kati ya kilomita 500 na 1,000, usiichelewe: oili ya mwanzo hutoka na vumbi la chuma, valvu hupimwa, bolti hukazwa. Risiti yake ndiyo itakayodaiwa ukienda kudai waranti. Kila kasoro iandikwe kwenye kadi ya kazi na tarehe na kilomita, hata wakikwambia "ni kawaida ya modeli hii". Kasoro iliyosemwa kwa mdomo, waranti ikiisha, haikuwahi kuwapo.

Usifunge king'ora wala taa za ziada kwa kukata waya za kiwanda ndani ya kipindi hicho. Ni sababu rahisi sana ya kukataliwa dai la umeme.

Ya kuiacha kabisa

Injini "imefunguliwa juzi tu" bila risiti za spea. Hati iko kwa mtu mwingine "anakuja kesho". Fremu imepakwa rangi lakini bolti zake zimeparuzwa na spana. Muuzaji hataki fundi wako aiguse. Bei yake itakuwa tamu, na hapo ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Ada ya fundi ya kuikagua saa moja ilipe hata kama hununui.