TAHADHARI: Jamaa wa "nimejaza gesi mpya" kwenye redio za ndege

Wadau wa ndege ndogo wa Songwe, Nduli na viwanja vya porini, yule jamaa wa kufufua redio ni tapeli, na aliyeliwa laki tisa ni mimi. Chekeni kwanza, halafu someni.

Redio ni KX 155, ile ya ndege ndogo ya kuongelea na kuongozea njia, ya volti 28, ya miaka ya 1980, namba za kioo chake zimefifia. Akaiweka mezani, akaunga umeme wa volti 27.5, namba zikawaka rangi ya chungwa kali mpaka nikafinya macho. Akazungusha kitasa cha masafa: 118.00, 121.50, 136.97, zote safi. "Kaka, nimeijaza gesi mpya, hii ni kama imetoka kiwandani jana." Akatoa na fomu 8130-3, ile ya Marekani ya kuthibitisha kwamba kipuri kinafaa kufungwa kwenye ndege, yenye mhuri. Mwanga upo, karatasi ipo, ungekataaje? Tena KX 155 inachomoka kwenye paneli kwa skrubu moja tu ya mbele, kwa ufunguo wa L wa inchi 3/32, kwa hiyo kuipeleka na kuirudisha hakukuonekana kazi.

Gesi gani! Kile kioo cha namba kimezibwa kiwandani, ndani mna neoni, na hakiwaki mpaka kipate zaidi ya volti 150. Kinachokimaliza ni chuma cha vijiti vya namba: kinamomonyoka chembe kwa chembe na kutanda kwenye glasi, glasi inaingia weusi, vijiti vinaanza kugoma. Hakuna fundi wa mezani anayekijaza gesi. Alichofanya mwizi huyu ni kubadilisha rezista upande wa volti kubwa ili kioo kisukumwe kupita kiasi, na kukichezea kijicho cha mwanga kilichoko usoni mwa redio, kile kinachopunguza namba giza likiingia. Wiki mbili zinang'aa kama taa za disko, kisha kioo kinakufa haraka kuliko kama asingekigusa.

Na kinavyokufa ndivyo kinavyodanganya. Kijiti cha kati cha 8 kikizima unasoma 0, kwa hiyo 118.80 inaonekana 118.00. Cha juu kulia kikigoma, 8 inakuwa 6 na 9 inakuwa 5. Fikiria rubani anaingia Songwe asubuhi ya ukungu, anaita kwenye masafa yasiyo na mtu, na namba mbele yake zinamwambia yuko sawa. Mtu wa namna hii faini haimtoshi, afungwe!

Fomu nayo, ningeisoma badala ya kutazama mhuri. Kisanduku cha 13 ni cha kitu kipya kutoka kiwandani, matengenezo yanasainiwa cha 14. Yeye kasaini cha 13, kwa redio yenye umri wa kuoa. Namba ya mfululizo kwenye kisanduku cha 10 wala haikufanana na ya kwenye kibati cha redio. Na fomu ile hutolewa na karakana yenye kibali cha Marekani, si mtu mwenye meza na koleo.

Kabla hujalipa, ziba kile kijicho kwa kidole gumba: namba zisipopungua mwanga, kijicho kimekufa au mkono wa mtu umeshapita. Zungusha kila tarakimu inayoweza kufika 8 mpaka isome 8, upande wa COM (wa kuongea) na wa NAV (wa kuongozea njia). Iache ikiwaka saa nzima, maana ikiwa baridi inaficha mengi.

Kioo kikichoka kweli, unatafuta cha namba ileile ya kipuri, au cha LED kilichoidhinishwa kwa modeli hiyohiyo ya redio. Kinafungwa na karakana yenye kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, cha kazi za redio, redio inapimwa upya, inaandikwa kwenye kitabu cha ndege. LED za kubandika usidanganyike nazo: kigeuza umeme chake kinaweza kumwaga kelele kwenye VHF, masafa ya kuongelea, skwelchi (kizima kelele cha redio) ikafunguka yenyewe na kituo cha mbali usikisikie.

Bado ana redio za watu, niliona mbili chini ya meza, moja kibati chake kimeshabanduliwa. Kama ni yako, kaifuate leo kabla hajabadilisha laini, na risiti uende nayo polisi. Yangu imeshafika.