Urojo wa Forodhani, kwa walioniagiza habari Mombasa

Kwa kuwa jamaa zangu wa Mombasa hunidai habari kila ninaposafiri, safari hii nawasimulia bustani ya Forodhani, Unguja, ambako jioni wauza vyakula hupanga meza zao mbele ya Ngome Kongwe. Urojo ndio uliostahili nauli: mchuzi mzito wa manjano, wenye ukali wa embe mbichi na ndimu, uliomiminwa juu ya viazi, bajia, kachori na mishikaki, kisha ukanyunyiziwa chipsi za muhogo zilizovunjwavunjwa, ambazo yafaa kuziwahi kabla hazijalowa. Sisi tuliozoea viazi karai kwa ukwaju tutauelewa mara moja, ingawa, mnisute mkitaka, wa kwao umekolea zaidi. Juisi ya miwa, iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, nayo ni nzuri. Vya baharini sikuvifurahia: meza moja iliniuzia mshikaki wa pweza uliopashwa moto mara ya pili, mgumu hata taya zikaniuma, na bei ikapanda wakati wa kulipa. Ulizeni bei kwanza, tena mfike baada ya magharibi, makaa yakiwa yamekolea moto.