Baraiti au unga wa mawe ya chokaa kwenye tope la kuchimbia?

Tope la kuchimbia kisima huongezwa uzito ili lizuie presha ya chini ya ardhi. Kupandisha lita 1,000 za tope kutoka densiti 1.10 hadi 1.20 (kilo kwa lita), baraiti, madini mazito ya kusagwa, inatosha kilo 140; unga wa mawe ya chokaa unataka kilo 180. Mawe ya chokaa yapo Songwe, jirani na Mbeya, lakini ukipita 1.4 hivi tope linakuwa uji unaotesa pampu. Baraiti inavuka 2.0, ila hutuama pampu ikisimama: loweka kwanza bentonaiti, udongo unaovimba majini na kushikilia chembe, kisha mimina baraiti polepole kwenye hopa, faneli ya kuchanganyia.

Usidhani unga wa mawe ya chokaa ni sawa na chokaa iliyochomwa. Hiyo hugandisha bentonaiti.

Baraiti ikiziba mwamba wenye maji, asidi haiyeyushi. Unga wa mawe ya chokaa huyeyuka kwa asidi ya haidrokloriki. Kisima cha kijiji chenye presha ndogo, chagua unga wa mawe ya chokaa. Presha ikikuzidi, baraiti.