Kusahihisha kijitabu kizima au swali kwa swali?

Mkufunzi msaidizi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anaufahamu mlima wa vijitabu vya majibu baada ya mtihani. Ukimaliza kijitabu kimoja ndipo ushike kingine, kujumlisha ni rahisi. Lakini mwanafunzi aking'ara swali la kwanza, la tatu unamhurumia bila kujijua.

Swali kwa swali ni haki zaidi, nalisema kwa moyo wote. Ukisahihisha swali la 2 kwa wote, mwongozo wa alama unakukaa kichwani: aliyefuata hatua sahihi akakosea jibu la mwisho anapata sawa na mwenzake aliyefanya vivyo hivyo. Kabla ya swali la 3, changanya vijitabu, maana uchovu huwaumiza walio chini ya rundo. Ripoti ya utafiti tu ndiyo ningeisoma nzima.